Holi ya Singapuri kwenye vitalu vya Unguja: mti mzuri, mizizi ya kukaguliwa

Kinachopimwa hapa ni mche wa kichaka kifupi chenye majani madogo mazito yanayong'aa, miiba midogo pembezoni mwa jani, na maua meupe yenye wekundu wa mbali. Unauzwa ndani ya viriba vyeusi kwenye vitalu vya kando ya barabara. Wauzaji wanauita holi, au holi ya Singapuri. Wengine hawana jina, wanaonesha kwa kidole na kusema "hiyo ya kuzungushia". Tuseme uamuzi wetu mapema: mti wenyewe ni mzuri, na kwa nyumba nyingi za Fuoni, Kiembesamaki, Mazizini na Bububu unafaa kuliko vichaka vingine vinavyopangwa pembeni yake. Kasoro iko chini ya udongo wa kiriba, na mnunuzi asiyekagua huigundua baada ya mwaka, pesa ilishakwenda.

Jina lake la kitaalamu ni Malpighia coccigera. Kwao ni visiwa vya Karibi, na si holi halisi. Holi halisi ni jenasi ya Ilex, ile inayopandwa mbele ya nyumba Ulaya, Marekani na Japani. Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Shika kijitawi utazame majani yanavyoota: kwenye Malpighia hutoka mawili mawili yakitazamana, kwenye Ilex hutoka moja moja kwa kupishana. Muuzaji akikwambia anayo "holi ya Kijapani" ya kweli na ukaona majani yanatazamana, mlipe bei ya Malpighia.

Tunalitaja hili kwa sababu mtu akitafuta maelekezo mtandaoni kwa jina la holi atapata maelekezo ya Ilex, na yatampoteza. Ataambiwa anunue mche dume na mche jike ili apate matunda, maana Ilex ina miti ya kiume na ya kike mbalimbali. Malpighia haina habari hiyo. Ua moja lina sehemu zote mbili, na vitunda vyekundu hutokea kwenye mche wowote uliokomaa ukipata jua na wadudu wa kuchavusha. Ataambiwa pia asubiri baridi ipite ndipo akate. Baridi gani?

Wapo wanaotaka holi halisi hata hivyo, kwa kuwa wameiona kwenye picha imekatwa mviringo kama mpira. Ushauri wetu ni wasijisumbue. Ilex crenata, holi ya Kijapani yenye majani madogo, inataka udongo wenye uchachu na majira ya baridi ya kweli. Kwenye udongo wa chokaa majani hugeuka manjano, na kwenye udongo mzito wenye joto mizizi huoza. Ilex vomitoria ya kusini mashariki mwa Marekani ndiyo ingekaribia kutufaa, kwani inavumilia chokaa na hata chumvi ya bahari. Lakini kuileta mtu anahitaji kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mmea kutoka inakotoka. Akileta mbegu, angoje: mbegu za aina nyingi za Ilex hukaa ardhini mwaka na zaidi bila kuchipua. Afrika Mashariki nayo ina Ilex yake, Ilex mitis, lakini ni mti mkubwa wa kando ya vijito kwenye misitu ya milimani, Usambara na Kilimanjaro. Mbele ya baraza ya mtu hauna kazi.

Turudi kwenye mche wenyewe. Malpighia coccigera hukua polepole, na watu wengi hulalamikia hilo bila kuona kuwa ndiyo faida yake. Ukiuacha bila kuukata, kwa kawaida utasimama kwenye sentimita 60 hadi 90, na upana kama huo huo. Duranta ya manjano, ambayo ndiyo mshindani wake mkubwa kwenye vitalu, itakupita kichwa ukiiachia misimu miwili ya mvua, na itakutaka mkasi kila baada ya wiki mbili tatu. Kwa mwenye nyumba anayelipa fundi wa bustani kwa kila ukataji, mche ghali kidogo unaokua polepole hurudisha gharama yake. Mwenye haraka ya kuziba macho ya wapita njia asiununue kabisa. Huu ni mti wa kuzungushia njia, ngazi, baraza na kaburi, si wa kujificha.

Sasa ukaguzi. Hapa ndipo vitalu vyetu vinapochukua alama za chini.

Kabla ya kulipa, chagua mche mmoja kati ya kila kumi na umwombe muuzaji autoe kwenye kiriba mbele yako. Akikataa, nenda kitalu kingine, haidhuru bei yake. Udongo ukiwa na unyevu, pindua kiriba, shikilia shina kati ya vidole viwili, gonga kitako, mche utatoka mzima. Tazama mizizi. Mizizi myeupe au ya rangi ya kahawa nyepesi iliyoenea pande zote ni sawa. Mizizi iliyozunguka kitako mara mbili tatu kama kamba ya ndoo ina maana mche umekaa muda mrefu mno. Ukiupanda hivyo utaendelea kujizungusha na hautashika ardhi. Unaweza kuokolewa kwa kuchana pembeni kwa kisu mistari mitatu, kina cha sentimita 1, lakini usilipe bei kamili.

Kitu kibaya zaidi ni vifundo. Ukiona uvimbe mdogo mdogo kwenye mizizi, kuanzia punje ya mtama hadi harage, na haubanduki kwa ukucha kwa sababu ni sehemu ya mzizi wenyewe, hiyo ni minyoo fundo. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoingia kwenye mzizi na kuufanya uvimbe, na Malpighia ni dhaifu kwao, khasa kwenye udongo wa kichanga. Mche wenye minyoo fundo huonekana mzima kitaluni kwa sababu unamwagiliwa asubuhi na jioni. Ukifika kwako, jua la saa sita linaunyausha hata ardhi ikiwa na maji, majani yanapauka, na mbolea haisaidii. Mbaya zaidi, umeleta ugonjwa kwenye bustani, na hautoki. Bamia, nyanya na mchicha utakavyopanda karibu na mche huo vitaupata.

Chanzo chake si siri. Kitalu kinachojaza viriba kwa udongo uliochotwa shamba la zamani la mboga kinauza minyoo pamoja na mche. Muulize muuzaji udongo umetoka wapi. Akisema "wa bondeni", ongeza idadi ya miche ya kutoa kwenye kiriba. Dawa ya upande wa kitalu ni rahisi na haina gharama kubwa: kulowanisha rundo la udongo, kulitandaza kimo cha sentimita 15 hadi 20, na kulifunika nailoni nyeupe inayopitisha mwanga kwa wiki 4 hadi 6 wakati wa kaskazi, jua linapowaka. Joto linaua sehemu kubwa ya minyoo na mbegu za magugu. Vitalu vinavyofanya hivyo tungevipa alama za juu bila kusita.

Baada ya mizizi, tazama shina. Mche mzuri una matawi kuanzia sentimita 5 juu ya udongo. Miche mingi ya madukani imesongamana, kiriba kwa kiriba, ikagombania jua na kurefuka. Juu pamefunga, chini ni fimbo tupu. Uzio wake utakuwa na miguu mitupu kwa miaka, kwa sababu kichaka hiki hakichipui upesi kutoka kwenye shina la zamani. Mche wa sentimita 20 uliojaa chini una thamani kuliko wa sentimita 40 uliorefuka, ingawa bei za vitalu husema kinyume. Kwa hili wauzaji wanajidhulumu wenyewe: wanauza kwa urefu, na mnunuzi anayejua huondoka na miche bora kwa bei ya chini.

Geuza jani utazame nyuma. Vidoa vya kahawia vilivyobandika kama magamba ni wadudu gamba. Unga mweusi juu ya majani, unaofutika kwa kidole, ni ukungu unaoota juu ya utamu wanaoutoa wadudu hao. Ukiona majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wanapanda na kushuka, tafuta wadudu gamba hata kama hujawaona, kwani majimoto huwalinda ili wanywe ule utamu. Tatizo hili si kubwa kama minyoo. Kwaruza gramu 10 za sabuni ya kipande ya kawaida, yeyusha kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, nyunyizia nyuma ya majani jioni, osha kwa maji safi asubuhi, rudia baada ya siku 7 mara tatu. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani.

Tufike kwenye udongo, ambako lawama za mti huu nyingi si zake.

Unguja ina udongo wa namna nyingi kwa kisiwa kidogo, na wakulima wanaujua kwa majina: kinongo chekundu, mchanga na kichanga upande wa magharibi, kinamo mabondeni, uwanda na maweni upande wa mashariki na kusini ambako jiwe la matumbawe liko juu kabisa. Malpighia hukaa vizuri kwenye kinongo. Kwenye kichanga huhitaji mboji na ulinzi dhidi ya minyoo. Kwenye maweni utaishi, lakini majani mapya yatakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, na hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Madini yenyewe yamo ardhini. Chokaa ya matumbawe inayafunga, mizizi haiyapati. Ukitia samadi zaidi majani yatabaki manjano vile vile.

Jaribio la nyumbani: chukua kijiko cha udongo mkavu, mwagia siki. Ukitoa povu na mchemko, una chokaa huru ndani yake. Kiberiti cha unga, ambacho vitabu vya bustani vya nchi za baridi hukisifu kwa kuongeza uchachu, hapo ni kutupa pesa. Chokaa ya jiwe zima iko chini inakusubiri. Vile vile salfeti ya chuma: kwenye udongo wenye pH (kipimo cha uchachu, ambapo namba kubwa ni uchachu mdogo) inayozidi 7.5 hufungwa upesi, na kilichobaki ni kutu. Kinachofanya kazi ni chuma kilichoshikizwa kwenye kemikali inayokilinda, na aina za kemikali hizo hazilingani. Soma lebo: yenye herufi EDTA huanza kushindwa udongo unapopita pH 6.5, DTPA hufika karibu 7.5, na EDDHA ndiyo inayovumilia udongo wa matumbawe. Duka la pembejeo likikupa "chuma" bila kuandikwa ni ipi, rudisha. Ile ya EDDHA ni nyekundu iliyokoza. Imwage kwenye udongo wenye unyevu kwa kipimo cha lebo, na jihadhari na marumaru na ukuta mweupe, doa lake halitoki kirahisi.

Mara nyingi chokaa hiyo haikutoka kwa Mungu, imeletwa na mafundi. Uzio unapandwa ubavuni mwa ukuta mpya, kwenye kifusi cha saruji na lipu. Kisha zinatandazwa kokoto za matumbawe juu, na mawe ya pembeni yanapakwa chokaa ili yapendeze. Mvua ikinyesha, yote hayo yanashukia mizizini. Panda sentimita 60 hadi 75 kutoka ukutani, ondoa kifusi kina cha sentimita 40, na badala ya kokoto tandaza majani makavu ya mwembe au makapi ya mpunga, unene wa sentimita 5, bila kugusa shina.

Mahali pa maweni, njia iliyo bora ni tuta la kuinua. Panga matofali au mawe kimo cha sentimita 40, upana wa sentimita 60. Kwa urefu wa mita 10 utahitaji mita za ujazo 2.4, yaani ndoo 120 za lita 20: ndoo 60 za kinongo, 30 za samadi ya ng'ombe iliyooza na kupoa, 30 za vumbi la makumbi ya nazi. Samadi mbichi inaunguza. Ukishika ndani ya rundo ukahisi joto, bado. Na makumbi yana mtego wake. Makumbi ya kamba ya pwani ya mashariki hufukiwa kwenye matope ya bahari kwa miezi ili yalainike, kwa hiyo vumbi lake limejaa chumvi. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ulikamue, urudie mara tatu, ndipo ulichanganye. Hali kadhalika mwani: ni mbolea, lakini si kabla ya kuoshwa. Mchanga wa ufukweni usiutie hata kidogo, kwa kuwa ni chokaa na chumvi kwa pamoja.

Chumvi ndiyo inayotufanya tuseme wazi: kwa nyumba au hoteli iliyoelekea bahari Paje, Jambiani, Makunduchi, Matemwe au Nungwi, usinunue mti huu kwa mstari wa mbele. Hauvumilii chumvi. Kusi ikivuma upande wa kusini mashariki, au kaskazi upande wa kaskazini, majani huungua kuanzia nchani na pembezoni, na huungua upande mmoja tu, ule unaotazama upepo. Kwa alama hiyo utaitofautisha na kiu. Nyuma ya nyumba, upepo ukizuiwa na ukuta au mivinje, unaweza kuujaribu, mradi usiumwagilie maji ya kisima chenye chumvi. Kisima ambacho sabuni haitoi povu na chai yake ina ladha ya chumvi, hakifai. Kwa mstari wa mbele kuna wenyeji wa pwani wenyewe, Scaevola taccada yenye majani mapana mabichi, na Pemphis acidula inayoota kwenye miamba huku mawimbi yakiirushia maji. Hii ya pili ina majani madogo, hufungamana vizuri na hukatika kwa mkasi, na tunashangaa vitalu vinavyoagiza miche ya mbali havijaikuza kwa wingi.

Kwa upandaji, hesabu ya uzio mfupi uliofunga ni nafasi ya sentimita 40 kati ya mche na mche. Mita 10 ni miche 25, ukianza sentimita 20 kutoka ncha. Nunua 28, maana miwili mitatu itakufa au itadumaa, na ukirudi kitaluni baada ya mwaka hutapata iliyolingana nayo kwa umbo. Kuna aina yenye majani ya miiba na aina yenye majani laini bila miiba, na vitalu huzichanganya. Zote ni Malpighia ile ile, lakini zikichanganywa kwenye mstari mmoja uzio unaonekana wa viraka, basi chagua wewe mwenyewe mche kwa mche. Penye watoto chukua laini.

Shimo liwe na upana mara mbili ya kiriba na kina sawa na kiriba, lisizidi. Mche ukizama, udongo ukafunika shingo, shina huoza pale pale. Hapa huduma ya "tunakuja kukupandia", ambayo vitalu vingi huiuza pamoja na miche, inastahili jicho la karibu. Tunayoyaona yakirudiwa ni haya: shimo jembamba la kupigwa mtaimbo mara tatu, kiriba kilichochanwa kitako tu na kuachwa ubavuni, udongo kukanyagwa kwa kisigino, na ndoo moja ya maji kwa miche kumi. Nailoni iliyoachwa huifunga mizizi hata baada ya miaka. Ukiamua kuwalipa, simama hapo, na hesabu viriba vitupu vilivyorudi: miche 25, viriba 25.

Maji: lita 2 kwa kila mche siku ya kupanda, kisha lita 2 kila baada ya siku moja kwa wiki sita kama mvua haipo. Baadaye mara mbili kwa wiki wakati wa kaskazi, na masika usimwagilie kabisa. Mti huu unavumilia ukame kiasi ukishashika, hauvumilii miguu yenye maji. Ndiyo maana Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja na udongo wa mabondeni ni mzito, ushauri unageuka: huko pa kuhangaikia ni mifereji, si ukame. Kwenye miteremko ya Wete na Mkoani panda mstari ukikata mteremko, chimba kijifereji upande wa juu, na inua tuta sentimita 20. Upande wa Micheweni penye jiwe, rejea yaliyosemwa ya maweni.

Mbolea haihitaji mjadala mrefu. NPK 17:17:17, gramu 15 kwa mche, mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli, inyunyizwe kwa duara sentimita 15 kutoka shinani na imwagiliwe. Majani ya chini yakipauka yote kwa pamoja, ni njaa ya naitrojeni, ongeza mara moja katikati. Majani ya juu yakiwa manjano na mishipa ya kijani, hiyo tumeshaisema.

Kukata: mwaka wa kwanza bana ncha tu, sentimita 2 au 3, kila baada ya miezi miwili, ili matawi yazaane. Baada ya hapo mara tatu kwa mwaka inatosha. Chini pawe papana kuliko juu, tofauti ya sentimita 5 hadi 8 kila upande, la sivyo matawi ya chini yatakosa jua na kufa, na hayarudi. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Anayetaka maua apunguze mkasi. Uzio unaonyolewa kila wiki hautoi ua. Vaa glavu, miiba ni midogo lakini inabaki kwenye ngozi.

Kwenye chungu, kwa nyumba za Mji Mkongwe zenye ua wa ndani, mti huu unapendeza kuliko mwingine wowote wa bei yake. Chungu cha kipenyo cha sentimita 30, tundu la chini lisizibwe, jua kwa muda wa angalau saa nne kila siku. Maji ya bomba letu yanapita kwenye mwamba wa chokaa, na kwenye chungu chokaa hiyo hujikusanya mwaka hadi mwaka. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na majani mapya ya manjano, ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua kutoka paani na mwagilia hayo unapoyapata, na badilisha udongo kila baada ya miaka miwili. Pembeni pasipo jua utarefuka na kuacha majani, na utitiri utaingia. Vidoa vidogo vya manjano kwenye jani na utando mwembamba nyuma yake ndiyo alama yake, na kuyaosha majani kwa maji ya nguvu mara moja kwa wiki hupunguza.

Washindani wake kwa kifupi. Ixora fupi ina maua mengi na rangi kali, lakini kwenye chokaa inalia manjano kabla ya Malpighia. Ichukue kama una kinongo kizuri. Carmona, yenye majani yenye meno machache nchani, hukatika vizuri mno na bei yake huwa karibu sawa. Majani yake hupishana, kwa hiyo jaribio la kijitawi litakuonesha kama umeuziwa hiyo kwa jina la holi. Duranta ni ya mwenye haraka na mwenye mkasi. Mhina, ambao mababu walizungushia viwanja, haugharimu kitu na unavumilia jua kali, lakini hupukutisha majani ukikosa maji na haukai umbo fupi.

Alama zetu kati ya kumi: mti wenyewe nane, kwa udongo wa magharibi ya Unguja, nne kwa maweni bila tuta, moja kwa mstari wa bahari. Miche ya vitalu kwa ujumla wake tano, na ingekuwa saba kama udongo wa viriba ungepikwa juani na miche ingepewa nafasi. Huduma ya kupandiwa, tatu.

Wakati wa kununua ni mwisho wa Februari, kabla ya masika. Mwezi huo miche imechoka na jua, iliyo dhaifu inajionesha yenyewe, na mvua ikianza unapanda bila kubeba ndoo. Ukinunua Aprili, kila mche kitaluni ni kijani.